Waya wa Shaba Ndani ya Chombo

Kwako mdogo wangu,

Ni mimi kaka yako, miaka sabini na mmoja, niliyewazika wakuu wa kazi watatu, mke mmoja na meno yote ya juu. Mimi mzima. Goti linasumbua, lakini nalo nitalizika. Wewe hujambo? Shemeji na watoto je? Mwandiko uvumilie, vidole hivi vimezoea spana.

Barua iliyopita nilijisifu kwamba nimemnyamazisha msoma mwanga. Leo soma taratibu.

Kazi yetu unaijua: kile chombo cha chuma ambamo gesi huchemshwa mpaka joto lake linalipita la jua. Hakuna kipimajoto kinachoingia humo kikatoka. Kwa hiyo binti mmoja, ndiye huyo msoma mwanga, huuchukua mwanga unaotokea kwenye kidirisha, akaupasua rangi rangi kwa mtambo wake, akasoma mistari. Kila madini yana mistari yake, na hayaazimani. Humo anajua joto limefika wapi na uchafu gani umeingia kuipoza gesi.

Mwezi uliopita gesi ikawa inapoa kabla ya wakati. Binti akasema mle ndani kuna shaba. Mimi, ninayeingia chomboni nikitambaa kwa tumbo tangu yeye hajazaliwa, nikamwambia mbele ya wote kwamba shaba iko kichwani mwake na mtambo wake umelewa. Watu wakacheka wakashika mbavu. Akanijibu taratibu tu, eti Mzee, mwanga haunijui wala haukujui, utuonee kwa nini? Mkuu akaamini miaka yangu. Akaamuru mtambo ung'olewe, na binti atafutiwe kazi kwingine.

Sasa ndugu yangu, shaba ilikuwemo. Niliiweka mimi. Bolti ya kishikizo cha mle ndani ilikatika, stoo hamna nyingine, nikafunga waya wa shaba mizunguko mitatu. Ukakaza kuliko bolti, nikauacha kwa kujivunia. Na siku ile ninamcheka binti, nilikuwa najua.

Walipokuja kung'oa mtambo nilisimama mlangoni, nikasema hakuna atakayegusa skrubu hata moja. Nikakiri yote. Mkuu akanifukuza palepale. Nikamwambia naondoka, lakini waya nautoa mimi, maana hakuna mwingine anayejua ulipo wala anayeenea kwenye tundu lile. Wakafungua. Nikauchomoa, umeyeyuka nusu, nikamtia binti mkononi. Samahani nilimwomba yeye peke yake. Wengine walicheka kwa hiari yao. Mtambo umebaki, naye amebaki.

Usinitumie pole, sijafiwa. Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo. Wakikuambia nimeachishwa kwa uzee, wakatalie: ni kwa shaba, na aliyeifunga ni mimi. Ukiona nimetia chumvi, muulize msoma mwanga mwenyewe. Huyo hana sababu ya kunipendelea.

Kaka yako,
Fundi wa Chombo