Mche wa Kaburi la Mama Fundi

4 Machi

Kwa Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanikumbusha umri kila nikikanyaga cherehani. Wewe hujambo? Unakula? Ulinikataza kupiga simu tangu upewe hiyo kazi mpya, basi nakuandikia kwa anwani ya mwenye duka uliyonipa. Kalamu haiishiwi salio.

Nina habari, kaa chini kwanza. Mama yako amekufa.

Usishtuke, hata mimi nilikuwa sijaambiwa. Jumamosi nilikaa mlangoni natia vifungo kwenye sare za shule, wakaja wasichana wawili na mvulana mmoja mrefu, vumbi mpaka kwenye kope, wamebeba mche ndani ya ndoo. Shikamoo mama, shikamoo mama, adabu tele. Kiongozi wao ni msichana wanayemwita Nesi, maana ndiyo kazi yake. Akaniuliza kama napajua kwao Fundi. Fundi yupi? Fundi wa magari, akasema, mwenye pikapu ya kijivu na kovu juu ya jicho. Kovu hilo ulilipata kwa mkasi wangu ukiwa na miaka minne.

"Tumekuja kupanda mti kwenye kaburi la mama yake," akaniambia. "Mwenzetu akifiwa na mzazi huwa tunafanya hivyo. Yeye anasema ni mbali, hataki kutusumbua, ndiyo tukaamua tuje kimya kimya."

Sindano ilinichoma kidole. Nilizaa polisi, nikaambiwa yuko ofisi ya kumbukumbu makao makuu, na hapa naambiwa ni fundi magari tena yatima. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ulimi wangu ukatangulia: nikasema mimi ni mama yako mdogo, dada wa marehemu. Nikawapeleka kwenye kaburi la baba yako. Ule ubao wa jina ulioahidi kuubadilisha umeliwa na mchwa, kwa hiyo hawakujua ni nani amelala pale. Wakachimba, wakapanda, wakamwagilia. Nesi akalia. Mama yake naye alikufa, kwa maji machafu ya kijijini kwao, baada ya kilima chao kukatwa miti. Nikalia naye, na sikuwa naigiza.

Kabla hawajaondoka nilimshonea Nesi mkono wa koti uliochanika. Nilitumia uzi wa rangi ya chungwa kwa sababu ndio uliokuwa kwenye cherehani. Yeye akaniosha vyombo vyote bila kuambiwa.

Sasa nieleze umeniua kwa kosa gani. Maneno huumba, mwanangu.

Mama yako, ambaye bado yupo


13 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula vizuri. Pole na goti. Barua yako nimeisoma nikaichoma, na hii naomba uichome.

Ni kazi, mama. Hao vijana wanakaa barabarani kuzuia malori yasipande kilimani, kuna kampuni inataka kukata msitu ichimbe mawe. Nimewekwa kati yao niwaangalie. Hawajui kama mimi ni polisi. Mkubwa wangu alinifundisha kwamba uongo mzuri uwe nusu kweli, ndiyo nikataja kijiji chetu. Sasa kila wiki nilihitaji sababu ya kuondoka kambini nikampe Mkubwa taarifa, nikasema mama ni mgonjwa. Ugonjwa ukawa mrefu, wakaanza kusema wanataka kuja kukuuguza, Nesi akafunga na mfuko wa dawa. Ikabidi ufe.

Waliporudi walinikumbatia mmoja mmoja. Wanasema mama mdogo wangu ana maneno, wamekupenda. Nilienda nyuma ya pikapu nikajifanya nakagua tairi.

Mkubwa hajui kama walifika kwako. Akijua nitaondolewa, na nimebakiza kidogo nipandishwe cheo. Mtu akikuuliza, wewe ni mama mdogo. Nesi akikuandikia usimjibu. Nisamehe, nitakuja na ubao wa baba.

Mwanao, Kitindamimba


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Barua yako sijaichoma, kiberiti kimepanda bei.

Nesi ameniandikia na nimemjibu. Aliuliza mche unaendeleaje. Unaendelea vizuri kuliko wewe. Siku ile aliniambia kambini kwao hawaruhusu hata kiberiti, wanapikia chini barabarani, na anayevuta sigara anashuka huko huko, kwa kuogopa moto usishike msitu. Watu wanaoogopa moto kiasi hicho ndio umetumwa kuwachunga? Mimi nawajua wahalifu, shemeji yangu mmoja alikuwa mwizi na nilimpikia miaka mingi. Hawa si wahalifu.

Toka huko. Rudi kwenye kazi ya kuvaa sare, hata kama ni ya kusimama juani. Kama huwezi kutoka, basi usiwadhuru. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba mara mbili.

Mama yako


17 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Barua zangu mbili hukuzijibu, nikajisemea mtoto ana kazi nyingi.

Jana muuza vitambaa alinifungia zipu kwenye gazeti. Nilipolikunjua nikaona picha ya msichana mwenye pingu, amejificha uso kwa mkono wa koti. Picha ni ya rangi. Kwenye mkono wa koti kuna mshono wa rangi ya chungwa, na mwishoni nyuzi zimerudishwa mara tatu, ninavyorudisha mimi. Sikuhitaji kuuona uso.

Gazeti linasema mtambo wa kampuni umechomwa, na mlinzi aliyekuwa amelala ndani ameungua akafa. Jerikani za petroli zimekutwa kwenye hema la Nesi. Anashtakiwa kwa mauaji, na akipatikana na hatia atafungwa maisha.

Nimekaa na gazeti hilo mpaka chai ikapoa. Nina swali moja tu, nami nataka ulijibu kama mwanangu na si kama askari. Petroli haiendi kilimani kwa miguu. Nani kati yao ana gari?

Mama yako


25 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Kuhusu jerikani usiniulize. Mlinzi hakutakiwa kuwa mle ndani, hilo tu ndilo ninaloweza kukwambia. Tangu siku hiyo silali, nikifumba macho namsikia.

Kesi inasikilizwa tarehe 14 Julai. Nitasimama shahidi, lakini si kama polisi. Nitasimama kama Fundi, mwenzao aliyeona kosa akatubu. Mkubwa anasema mahakama ikijua nilikuwa askari, kila mtu atauliza swali lako, na nitakayefungwa ni mimi. Kwa hiyo Fundi lazima abaki Fundi, na mama yake Fundi lazima abaki alipo. Nakuomba mama, kaa nyumbani, funga mdomo, mambo yatapita. Watu hawa si wa kuchezea.

Mwanao


3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimekusoma na nimekuelewa. Nilikulea peke yangu kwa cherehani hii, na leo ndiyo mara ya kwanza naona haya kusema hivyo.

Nakuja. Tiketi ya basi nimekata. Nimeshona na gauni jipya la bluu, maana marehemu haendi mahakamani na gauni la kushindia. Nitasimama tu hakimu aniangalie, nimwambie mimi ndiye mama wa shahidi, na mwanangu ni polisi. Yule mtoto hatazeekea gerezani kwa sababu nimemzaa mwoga.

Bado una nafasi. Ukisema kweli mwenyewe, nitakaa benchi la nyuma kimya, na tukitoka nitakupikia hata kama ni kwa mlango wa gereza. Nitakuletea chakula kila siku watakayoniruhusu. Hilo naweza kulibeba. Lile lingine siwezi.

Marehemu mama yako


19 Julai

Mama,

Shikamoo. U mzima? Safari hii siulizi kwa desturi.

Niliposoma kwamba unakuja nilichanganyikiwa. Siku ya kesi niliutazama mlango asubuhi yote. Kila ulipofunguka nilikuona wewe, na alikuwa karani, au mtu amekosea chumba. Nakuapia nilikuwa nimeamua: ukiingia nasema kweli yote. Hukuingia. Nikajisemea, labda goti, labda basi limeharibika. Wakili wa Nesi, akinihoji kuhusu safari zangu za kila wiki, akaniuliza mama yangu yuko wapi. Nilikuwa nimeshakula kiapo. Nikasema alifariki. Nesi, pamoja na yote niliyomfanyia, aliinamisha kichwa kunipa pole.

Tarehe 15 nilifika nyumbani na ubao wa baba begani. Mlango una kufuli ambalo si lako. Nimechungulia dirishani. Gauni la bluu limetundikwa ukutani, limepigwa pasi.

Jirani anasema walikuja vijana wanne na gari siku mbili kabla ya kesi. Shikamoo mama, shikamoo mama, adabu tele. Wakakwambia wametumwa na mwanao, usiteseke na basi. Anasema ulifurahi, ukasema kumbe ameamua kusema kweli. Ukaomba ubadilishe nguo, wakasema hakuna muda. Mmoja alikushika mkono upande garini kwa sababu ya goti. Kabla ya kuondoka walizikusanya barua zote kwenye droo ya cherehani.

Mama, sikumtuma mtu. Nilimwambia Mkubwa tu kwamba unakuja, nikamwomba akucheleweshe, kwa heshima, mpaka kesi ipite. Dada zangu hawajui ulipo. Hospitali zote nimezunguka. Jana asubuhi niliingia ofisini kwa Mkubwa nikamuuliza mama yangu yuko wapi. Hakuinua hata macho.

"Mama yupi?" akasema. "Si uliapa mwenyewe mbele ya hakimu kwamba alishafariki?"

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Nitakuja kesho kuangalia kama bado ipo. Nijibu mama, hata kwa matusi.

Mwanao, Kitindamimba