Jiwe la Mpagazi

Mjukuu wangu Sada,

Marahaba. Sisi wazima, karanga tumevuna. Unauliza kwa nini vibao vya barabarani huko Marekani, vya vita vyao vya uhuru, vinataja majenerali tu. Kwani cha kwetu Kwihara kinamtaja nani? Mzungu! Waliombebea mizigo hawamo.

Nikiwa msichana tulipita, mimi, mama na shangazi, njia ya misafara, penye kaburi la mpagazi asiyejulikana jina. Kila mpita njia alikuwa akiongeza jiwe. Shangazi akacheka, "Maiti atakula kokoto?" Mbele kidogo shingo ikampinda chini ya kikapu cha viazi.

"Nani kanikalia?"

"Rudi, wifi, ukaweke jiwe," mama alisema.

Akarudi, mzigo ukawa mwepesi.

Nawe wawekee jiwe wasiotajwa huko. Siku hizi hakuna apitaye njia ile, lakini rundo bado linakua.

Bibi yako, Tabora