Sakafu ya Ijumaa

Nyansiongo,
Jumapili asubuhi.

Kwako Dada Roselyne,

Pokea salamu zangu na za wote walio katika nyumba hii. Sisi huku tu wazima, ukiondoa kikohozi cha baridi ambacho Nyansiongo hakimwachi mtu. Mvua imenyesha wiki tatu mfululizo, chai inatukimbiza, na ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama jike, kwa hivyo Haron anatembea kama mtu aliyechaguliwa diwani. Na ninyi je? Goti la shemeji Gibson limepoa? Kale kadogo kenu, Onyiego, sasa kanasema maneno ya kueleweka, au bado kanaita kila kitu "maziwa"?

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Nimekupigia mara tatu wiki hii nikiwa na neno la kukuambia, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza ndizi zinauzwaje huko Nyakoe. Wewe huwa unacheka mapema, nami nikisikia kicheko chako ujasiri wote unaniishia. Ekegusii chetu nakiongea vizuri kuliko ninavyokiandika, kwa hivyo nivumilie na Kiswahili changu cha shule.

Unanijua nilivyo. Tulipokuwa wasichana kwa mama kule Magwagwa, tukilala kitanda kimoja, wewe ulikuwa ukivua sketi na kuiacha pale ilipoanguka, kisha unalala fofofo. Mimi sikuweza kufumba macho mpaka niinuke niikunje. Mama alinisifu sana kwa hilo, lakini haukuwa wema. Kitu kikikaa vibaya kinanikuna ndani ya kichwa mpaka nikipange. Haron aliponioa aliniambia ameoa mwanamke na ufagio kwa mahari moja, tukacheka, kwa kuwa wakati huo tulikuwa wawili tu.

Sasa tuna watoto watatu. Celestine ana miaka mitano, Masese mitatu, na Ruth ndiyo kwanza anashika ukuta akitafuta kutembea. Nyumba ya watoto wa umri huo haikai safi hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikitandika vitambaa vya makochi, Masese anavifanya joho. Nikipiga deki, Ruth anamwaga uji. Haron anaweza kuketi katikati ya hayo yote, mguu mmoja juu ya mto na mwingine juu ya gunia la mahindi, akasikiliza redio akiwa na amani kabisa. Hajakosa malezi. Ndivyo alivyoumbwa, kama wewe. Na Masese ni yeye mtupu. Lakini Celestine ni mimi. Akivua viatu anavipanga, visigino kwa visigino, bila kuambiwa. Nilijivunia hilo mbele za watu, hasa kina mama wa kanisani.

Basi ilikuwa Ijumaa, mwezi uliopita. Unajua Ijumaa yetu ilivyo: kupika, kufua, kupiga pasi nguo za kanisa, na sakafu iwe inang'aa kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Siku hiyo pia nilikuwa na sweta sita za wanafunzi za kumaliza, kwa hivyo nilikuwa chumba cha nje na mashine yangu ya kufuma. Sakafu ya sebuleni nilikuwa nimeipiga deki mara mbili. Mara ya pili nilisema kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka kwamba atakayeichafua tena ataniona mimi ni nani.

Nikasikia kitu kimelia, lakini mashine ilikuwa inanguruma na hakuna aliyelia. Nikaendelea kufuma. Kama saa nzima baadaye nilitoka, nikamkuta Celestine ameketi kizingitini amevaa gambuti, mikono juu ya magoti, kimya, uso umepauka. Nikamuuliza kwa nini amevaa gambuti na mvua imekatika. Akasema anasikia baridi. Nikamwambia avue tuingie tukaoge. Akatikisa kichwa. Nikadhani ni ukaidi, nikaishika ile gambuti nikaivuta kwa nguvu.

Dada, damu ilimwagika kama maji.

Alikuwa amevunja gilasi na kukanyaga kipande chake. Alikuwa amepangusa sakafu kwa sweta yake ya shule, akaokota vipande vyote akavifunga kwenye gazeti, kisha akauweka ule mguu ndani ya gambuti ili damu isidondoke. Niliporudi kuangalia sebule sikuona hata alama moja. Mtoto wa miaka mitano! Na nilipokuwa nimemkumbatia, kitu alichoniambia ni hiki: "Mama usikasirike. Nimepangusa pote. Hakuna kitu kimechafuka."

Haron alimbeba mpaka barabarani, tukachukua pikipiki hadi kituo cha afya. Alishonwa nyuzi saba. Daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima, na alipokuwa akishona alimuuliza Celestine kwa upole mbona hakuita mtu. Celestine akanitazama kwanza mimi kabla ya kujibu. Ndipo yule daktari naye akanitazama. Kisha akarudi kwenye sindano yake.

Nilitegemea Haron atanigombeza tukifika nyumbani. Hakufanya hivyo. Alichemsha maji, akaiosha ile gambuti mwenyewe, akaiweka nyuma ya nyumba nisiione. Kesho yake hatukwenda kanisani. Tuliketi tu pamoja na watoto. Ndipo aliponiambia kwamba hataki niwe kama yeye, maana nyumba ingetuangukia, ila anaomba watoto wawe na mahali pa kukosea. Maneno yake ndiyo hayo, mahali pa kukosea. Nililia mpaka Masese akaniletea kitambaa cha kochi nijifute.

Tukakubaliana jambo rahisi. Jikoni na chumbani ni kwangu, kila kitu kikae ninavyotaka mimi. Sebule ni ya watoto mpaka chakula cha jioni. Baada ya kula, kila mtu anaokota vitu vitano, hata Haron, hata Ruth ambaye anaokota na kutupa tena. Siku za kwanza niliteseka kama mtu aliyenyimwa chai. Nilipita sebuleni nikitazama dari. Siku moja mama wa kanisani aliingia ghafla akakanyaga gunzi la mahindi, nikasikia uso unawaka, lakini nikamkaribisha, tukanywa chai katikati ya magunzi, na akakaa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa. Celestine bado anapanga viatu. Nimemwacha, ni tabia yake, anaipenda. Ila juzi alimwaga maziwa kikombe kizima na akaniita kwa sauti kubwa: "Mama! Njoo uone bahari!" Sijawahi kufurahia maziwa kumwagika hivyo.

Kwa hiyo, dada, ukiniuliza habari zangu, nakuambia nina furaha. Lakini kuna jambo halijaacha kuniuma tangu ile Ijumaa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka Onyiego alipokuwa na wiki mbili, mama alipokuja kwako bila taarifa na wanawake wawili wa kanisa, na mifagio, wakatoa magodoro nje mbele ya watu wa kwa Gibson. Wewe ulikuwa bado hujapata nguvu, ukasimama kando na mtoto kifuani ukilia. Uliuliza nani amepeleka maneno Magwagwa. Ukaona ni Emily, rafiki yako mliyekuwa mkiuza ndizi meza kwa meza sokoni, kwa sababu yeye ni wa kule, na ndiye aliyekuwa akiingia kwako kila siku. Ukahamisha meza yako ya ndizi mbali na ya kwake. Akamzika baba yake bila wewe kuwa pale.

Haikuwa Emily. Ilikuwa mimi. Nilikuja kukuona mtoto, ukanipokea kwa furaha, ukanipikia mboga za chinsaga ukiwa na mwili wa wiki moja tu tangu kujifungua. Nami nilipotoka hapo nikapita kwa mama na kumwambia mtoto wako analala juu ya takataka. Nguo safi ambazo hukupata muda wa kuzikunja ndizo nilizoziita takataka. Onyiego alikuwa amelala juu yake, amefunikwa vizuri, ameshiba. Mimi niliona nguo tu, mtoto sikumwona. Kisha uliponiambia kwa uchungu kwamba ni Emily, nilinyamaza. Nimenyamaza miaka miwili.

Jumatano nilikwenda Nyakoe. Uliniona nikipita ukadhani nimekuja kununua uzi, lakini nilikuja kwa Emily. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbele ya meza yake. Alinisikiliza akipanga ndizi zake, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi nimebeba ulimi wako wakati huu wote?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha wangu atautazama baadaye, ana wateja. Nilipokuwa nikiondoka akaniita tena: "Mwambie Roselyne wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea. Na umwambie bado nina shali nililomfumia Onyiego. Sijalitoa kwa mtu, ingawa sasa litamtosha miguu peke yake."

Mama pia nimemwambia kwamba nilisema uongo. Akaniuliza kama wale wanawake wawili walikuombea kabla ya kutoa magodoro. Nikamwambia sijui. Akasema naye hakumbuki, na hilo lilimsumbua, niliona.

Nisamehe, dada yangu, ukiweza, na kwa muda utakaoutaka wewe. Sina cha kujitetea. Ukinikasirikia nitavumilia, ni haki yako. Msalimie Gibson, na watoto wote, na mama mkwe wako. Haron anakusalimu sana, na Masese anauliza lini atakuja kulala kwenu ambako watu wanaruhusiwa kuruka kitandani.

Barua hii usinijibu mimi kwanza. Emily anafungua saa moja asubuhi, na meza iliyo karibu na yake haina mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Persis