Kundi la "Tunamsubiri Mteja"

Jumanne

Nimeona kinyaa leo. Rashidi, tunayekaa naye meza moja, kazi zake zote zilizochelewa kazihamishia kwenye kundi la "Tunamsubiri mteja", ili kwenye programu ya ofisi aonekane hana deni la kazi.

Leo Bi Mwanahawa kaja kutoka Madale kuulizia fundi wa kumfungia tangi la maji. Bosi akatazama kompyuta. "Mama, hapa inaonyesha tunakusubiri wewe."

"Mnanisubiri mie? Tangi liko uani wiki ya tatu, mie ndo nawasubiri nyie."

Rashidi akainamia simu yake. Kichefuchefu kitupu.

Nilifungua mdomo nimtaje, nikaufunga. Kwenye kundi lilelile kuna kazi zangu mbili. Nilizihamishia mwenyewe Ijumaa.