KIKAO CHA KUJARIBU MABOKSI YA CHUPA ZA ASALI
Kikundi cha Wafugaji Nyuki Kishanda, Muleba

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Uani kwa Bi. Klaudia
Waliohudhuria: Ndg. Rwekaza (Mwenyekiti), Bi. Joanitha (Katibu), Ndg. Wilbert, Bi. Anatolia, Bi. Klaudia
Hakuhudhuria: Ndg. Byabato (anauguza Bukoba)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi badala ya saa 3:00. Hakuna aliyeeleza sababu.

KUMB. NA. 2/6/2025: MZIGO ULIOVUNJIKA
Mwenyekiti alieleza kwamba chupa 22 kati ya 48 zilifika Mwanza zimevunjika. Mwenye duka anayenunua asali huko amekubali kupokea mzigo mmoja tu wa majaribio. Nao ukiharibika, atatafuta asali kwingine. Ndg. Wilbert alisema Bi. Anatolia ndiye aliyefunga mzigo ule, tena kizembe. Bi. Anatolia alijibu kwamba alijaza nyasi kama Ndg. Wilbert mwenyewe alivyomwelekeza. Majibizano yaliendelea. Mwenyekiti aliagiza yasiandikwe yote.

KUMB. NA. 3/6/2025: JARIBIO
Maboksi mawili yenye chupa 12 za maji kila moja yaliangushwa kutoka kimo cha kifua. La Ndg. Wilbert, lenye nyasi nyingi zaidi ya awali, lilivunjika chupa tano. Ilionekana nyasi zimeshuka chini na chupa zimegongana.

La Bi. Anatolia lilikuwa na vyumba vilivyosukwa kwa maganda makavu ya mgomba, kila chupa na chumba chake. Ilivunjika moja, ya pembeni. Bi. Anatolia alikunja maganda mara mbili akayashindilia kwenye pembe zote, akaomba liangushwe tena. Liliangushwa mara tatu, mara ya mwisho kwa pembe. Hakuna iliyovunjika. Bi. Klaudia alipiga vigelegele.

Ndg. Wilbert alisema: "Ma Anatolia, nyasi lilikuwa wazo langu. Nisamehe."
Bi. Anatolia alijibu: "Nimesikia, Ta Wilbert. Nishikie kamba nikaze."

KUMB. NA. 4/6/2025: MAAZIMIO
Iliazimiwa mzigo uondoke Alhamisi ukiwa umefungwa kwa namna ya Bi. Anatolia. Bi. Anatolia aliomba ausindikize mwenyewe. Alisema miaka yote anafunga mizigo ya Mwanza lakini hajawahi kufika huko, na safari hii anataka awepo boksi likifunguliwa. Wajumbe wote waliafiki.

Kikao kilikwisha saa 6:45 mchana, wajumbe wakiokota vioo uani.

Rwekaza, Mwenyekiti ……………
Joanitha, Katibu ……………