Mtaro Wetu na Mstari Wao

Jumatano

Eti wanaugawa mtaa kwa ajili ya uchaguzi, na mstari upite mtaroni. Jirani yangu Mama Eliza, wa ng'ambo ya mtaro, apigie kura kata ya Gerezani, mimi nibaki huku.

Mkutanoni nilisimama. "Mwanangu," nikamwambia bwana wa tume aliyeleta ramani, "nilipofiwa na mume wangu, huyu Mama Eliza, Mchaga, alifunga duka lake siku tatu akapika msibani kwangu. Matengenezo ya mtaro huu mbovu tunayadai pamoja kila uchaguzi. Ukitutenga, nani atatusikiliza?"

Mama Eliza akaninong'oneza, "Bibi, si ulisema maji yangu ya vyombo yamekuchosha?"

"Yamenichosha. Nyamaza."

Bwana amesema atafikisha maneno yetu kwa wakubwa. Simwamini sana.

Jioni maji ya vyombo ya Mama Eliza yamefika tena mlangoni kwangu. Nimeyafagia hadi mtaroni.