Bugenvilia za Langoni

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kaskazini ya Kenya, ambako mchanga unaingia mpaka ndani ya sahani iliyofunikwa. Mguu wako je? Mjomba wetu, Tonton Kambale, aliniandikia kwamba kile kipande cha chuma kimetolewa, lakini hakusema kama unaweza kukanyaga. Usinifiche. Na paa, mmeshaziba matundu ya risasi, au mvua ya huko kwetu Tshopo bado inawachagulia pa kulala? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa kinyaa, na leo nitakueleza sababu, maana nimechoka kuwaandikia kwamba huku ni kuzuri.

Barua ya mdogo wangu Solange ilinifikia kwa lori la wafanyabiashara wa Butembo, wenzake Tonton Kambale. Aliandika hivi: "Yaya, commandant iko napita kila siku. Anakaa ku kiti ya papa, anaomba maji ya kunywa, anakunywa polepole, ananiangalia. Papa anajifanya analala." Mstari huo wa mwisho niliusoma mara nyingi. Sikulaumu, Papa. Mtu mwenye mguu mmoja mzima mbele ya bunduki ya mkuu wa askari wa kigeni afanye nini? Lakini tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine kichwani ila kumtoa mdogo wangu hapo.

Ili avuke mpaka wa Kenya alihitaji barua ya mtu anayemwita kazini. Huku ninamjua mmoja tu mwenye muhuri: mkuu wa kampuni yetu ya kuchimba visima, bwana kutoka ng'ambo anayeniita "Bibi Kongo" ingawa jina langu analijua. Nilimwomba. Alikuwa amesimama langoni akitazama bugenvilia zilizopandwa kando ya seng'enge, vichaka vya miiba visivyo na hata ua moja.

"Wewe si ulisema umesoma kilimo?"

"Miaka miwili, bwana."

"Wageni wakubwa wanakuja mwisho wa mwezi ujao. Hizi zikichanua, natia sahihi. Zisipochanua, dada yako abaki huko na mamba wenu."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko changu hicho kinanitia kinyaa kuliko chake. Maisha ya Solange yalikuwa yamening'inizwa kwenye kichaka, nami nikaonyesha meno.

Nikaanza kazi kwa elimu yangu yote. Nilichimba, nikatia mbolea ya mbuzi, nikamwagilia asubuhi na jioni, ndoo baada ya ndoo, kama mtu aliyetoka mahali ambapo maji huanguka yenyewe na hakuna anayeyashukuru. Udongo ukanuka, nzi wakaja. Bugenvilia zikanenepa! Majani yakawa mapana, ya kijani, yanang'aa kama uso wa mtu aliyekula kilio cha wengine. Wiki tatu, na ua hakuna.

Nje ya seng'enge, wanawake wa hapa walikuwa wakikaa na madumu matupu, wakisubiri saa ya kufunguliwa bomba, mara moja kwa siku. Kampuni inachimba visima kwa ajili yao, ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango, ila kisima cha kwanza kiko ndani, upande wetu. Mmoja wao, mama mrefu anayeitwa Akiru, alinitazama siku kadhaa kabla ya kusema.

"Wewe Mkongo! Huyo mti ni mtoto wako?"

"Ni kazi, mama."

"Mbona hasemi asante?" Wenzake wakaangua kicheko. "Wangu ukimpa maji anasema asante. Leta tujaribu."

"Ni marufuku," nikasema. Papa, niliisikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ileile ya wale wanaofunga kamba barabarani kwetu na kuuliza vitambulisho.

Siku hiyo niliketi kwenye kivuli cha stoo nikakukumbuka wewe. Nilikukumbuka ukiwa mtunza bustani wa masista, nami nimerudi kutoka masomoni na daftari langu. Bugenvilia yao ya upande wa barabara ilikuwa majani matupu, lakini ile ya chini ya baraza, ambako mvua haifiki, ilikuwa inawaka. Sista akakuuliza kwa nini. Ukamjibu: "Ma sœur, muti hii haipende kunywa. Ukiipa maji mingi inanenepa tu. Iache na kiu, itaogopa kufa, itatoa maua." Nami nikakusahihisha mbele yake, kwa Kifaransa, nikasema mambo ya udongo na chumvi. Wewe ulipangusa mikono kwenye suruali. Nilikuwa naionea haya ile mikono. Mpaka leo sijui niiweke wapi aibu hiyo.

Basi nikaacha kumwagilia. Kila saa nane mchana, mkuu akiwa amelala chini ya feni yake, maji ya bugenvilia yalipita chini ya seng'enge, pale ilipolegea, yakaingia kwenye dumu la Akiru. Usinisifu kwa hilo. Nilihitaji mahali pa kuyapeleka maji ili yasionekane yamebaki.

Majani yakalegea, yakaanguka. Mkuu akatoka akaona.

"Umeziua!"

"Sijaziua, bwana. Subiri."

"Nasubiri wiki moja. Baada ya hapo unaondoka pamoja nazo."

Nilikuwa napapasa ncha za matawi kama mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa. Siku ya tano nikaona kidoa. Siku ya saba zilikuwa zimelipuka kutoka langoni mpaka jikoni, rangi ileile ya dawa ya zambarau uliyopakwa mguuni. Watu wote walisema ni nzuri. Mimi nilikuwa nimezikaribia mno hata nisione uzuri. Je, ulijua, Papa, kwamba hayo ya rangi si maua? Ni majani yaliyovaa sherehe. Ua lenyewe ni kadude keupe katikati, kadogo, ambako hakuna anayekatazama.

Wageni walifika kwa magari matatu. Mkuu akawatembeza. "Siri ni maji," aliwaambia. "Hatukubania." Mmoja alitaka kupiga picha, akamwashiria Akiru na wenzake wasogee kwa sababu madumu yao yalikuwa yanaharibu mandhari. Wakasogea. Hata Akiru alisogea, lakini alinitazama, nami nikatazama chini.

Walipoondoka nilimpelekea mkuu karatasi. Hakuisoma. Aliitia sahihi na muhuri juu ya boneti ya gari, kisha akasema, "Mwambie hatalala kwenye mahema yenu. Kuna chumba nyuma ya nyumba yangu. Anafanana na wewe?" Alikuwa na glasi ya maji mkononi. Akanywa polepole.

Basi nisikilize vizuri, Papa. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Ni ya kuonyeshwa mpakani tu, hakuna pengine. Tonton Kambale atamchukua Solange pamoja na mizigo ya biashara mpaka Busia, mpakani. Commandant akija, mwambie amepanda baleinière, ile mashua ya abiria, kwenda Basoko kumwuguza shangazi yake wa huko. Avae viatu vya kufunga, asibebe sanduku. Huku jangwani asifike kabisa. Mimi natoka kesho. Nitamngoja Busia, kwenye kanisa la Kikatoliki, kila siku mpaka afike. Kuna masista wenye shule ya wasichana mbali na huku, mahali penye mvua. Wamenikubali nifundishe Kifaransa, na wamekubali tuwe wawili.

Mkuu ameagiza bugenvilia zimwagiliwe maradufu ili zizidi kuchanua. Sikumsahihisha.

Nisalimie shangazi auzaye samaki kule maporomokoni, na mumewe atengenezaye mitego. Nisalimie mama jirani aliyekufunga mguu kwa kitenge chake usiku ule wa mabomu; mwambie sijasahau. Na yule katekista mzee anayekusomea barua zangu, leo aisome kwa sauti ndogo.

Nimekuwekea kikonyo kimoja cha bugenvilia ndani ya bahasha. Kifungue katikati utaona kale keupe. Ulimwambia sista kweli, Papa, na nilikosea mbele ya watu. Nakiri kwa maandishi ili katekista naye asikie.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Georgette